Moto Katika Paneli: Historia ya Mitambo ya Maji ya Jackson

Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi kusini mwa Marekani, ni jiji lililojengwa kando ya Mto Pearl, na kwa zaidi ya miaka mia moja mto huo ndio umekuwa ukiwanywesha wakazi wake. Maji yenyewe hayajawahi kuwa haba. Taabu iko kwenye kuyatoa mtoni, kuyasafisha na kuyasukuma hadi mabombani, na kazi hiyo yote imebebwa na mota za umeme. Tarehe 30 Aprili 2021 moto ulizuka katika paneli ya umeme ya kituo kikuu cha kusafisha maji cha jiji hilo, na pampu zake tano kubwa za kusukuma maji mjini zikakosa kazi. Tukio hilo la siku moja lilikuwa limeandaliwa kwa miaka mingi.

Kituo cha kwanza kikubwa, kiitwacho J.H. Fewell, kilijengwa mwaka 1914 ukingoni mwa mto. Uwezo wake ni takriban galoni milioni 20 kwa siku, yaani mita za ujazo zipatazo 76,000. Kwa miongo mingi kituo hicho kilitosha. Jiji lilipozidi kupanuka, lilihitaji chanzo kisichoyumba kwa majira, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 bwawa kubwa likajengwa juu ya mto, kaskazini mashariki mwa jiji. Lilipewa jina la Ross Barnett, gavana wa wakati huo, mtetezi mkali wa ubaguzi wa rangi ambaye mwaka 1962 alijaribu kumzuia James Meredith, kijana Mweusi, asijiunge na Chuo Kikuu cha Mississippi. Jina hilo bado lipo, na zaidi ya nusu ya maji wanayokunywa watu Weusi wa Jackson hutoka katika bwawa hilo.

Kando ya bwawa, katika mji jirani wa Ridgeland, kituo cha pili kiitwacho O.B. Curtis kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye kiliongezewa sehemu ya pili inayochuja maji kwa utando mwembamba, uwezo wake ukafika galoni milioni 50 kwa siku, karibu mita za ujazo 189,000. Tangu hapo Curtis ndicho kimekuwa tegemeo la jiji na Fewell msaidizi wake.

Ili kuelewa yaliyotokea baadaye, ni lazima kwanza kuufuata umeme ndani ya kituo cha aina hii. Umeme mkubwa huingia kutoka gridi hadi kwenye transfoma, ambazo huupunguza nguvu hadi kiwango ambacho mota zinaweza kukitumia. Kutoka hapo hupita kwenye makabati ya chuma yenye pau nene za shaba, swichi kubwa na vifaa vya kukata umeme panapotokea shoti. Makabati hayo ndiyo paneli. Kila pampu ina njia yake katika paneli: swichi ya kuiwasha, kifaa cha kuilinda isiungue inapozidiwa, na nyaya za kuipelekea amri kutoka chumba cha waendeshaji. Baadhi ya pampu huvuta maji bwawani. Nyingine hupeleka dawa. Nyingine huosha machujio. Za mwisho, zile kubwa kuliko zote, hupokea maji yaliyokwisha kusafishwa na kuyasukuma mjini kwa nguvu ya kufika kwenye matangi ya mwinukoni. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, kwa hiyo kituo kama Curtis kikifanya kazi kwa uwezo wake wote husukuma karibu tani 189,000 kila siku. Pampu hizi zikisimama, maji safi hubaki kituoni hata kama machujio yanafanya kazi vizuri kabisa.

Paneli nayo huzeeka. Pale waya unapokutana na pau, skrubu hulegea kwa sababu shaba hupanuka inapopata joto na kusinyaa inapopoa, siku baada ya siku. Kiungo kilicholegea huzidi kupata joto. Vumbi na unyevunyevu hutengeneza njia ya umeme kupita pasipostahili, na katika vituo vya maji kuna adui wa ziada: klorini, ambayo mvuke wake hula shaba na kuifanya iwe na kutu ya kijani. Fundi mwenye vifaa huyaona haya mapema. Kamera ya kupima joto humwonyesha kiungo kinachochemka kabla hakijaungua, na kipimo cha uwezo wa nyaya kuzuia umeme humwambia mota ipi imekaribia mwisho wake. Lakini kazi hiyo inahitaji mafundi wa kutosha, bajeti ya kila mwaka, na ruhusa ya kuzima mtambo kwa saa chache. Jackson ilikuwa imepungukiwa na hayo yote.

Sababu zake ziko nje ya kituo. Mwaka 1980 jiji lilikuwa na wakazi 202,895. Baada ya mahakama kulazimisha shule za umma kuchanganya watoto wa rangi zote mwaka 1970, familia nyingi za Wazungu zilihamia vitongoji vya nje, na baadaye familia za Weusi zenye kipato cha kati zikafuata. Kufikia mwaka 2020 wakazi walikuwa 153,701, na takriban wanane kati ya kumi walikuwa Weusi. Mabomba hayakupungua walipohama watu. Urefu ulibaki uleule, umri ukazidi kwenda, na waliobaki kulipa ankara walikuwa wachache na maskini zaidi. Hata juhudi ya kuongeza mapato iliharibika: mkataba wa karibu dola milioni 90 wa kufunga mita mpya na mfumo mpya wa ankara, ulioingiwa mwanzoni mwa muongo wa 2010, ulizaa mita zenye hitilafu na ankara zisizoaminika. Jiji lilifungua kesi na kurudishiwa fedha karibu zote mwaka 2020, lakini miaka ya mapato hafifu ilikuwa imekwisha pita.

Mapema mwaka huohuo wa 2020 wakaguzi wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani waliingia vituoni. Walikuta waendeshaji wenye leseni wakiwa wachache mno, na vifaa vya kupima maji na kuua vijidudu vikiwa vibovu au vimezimwa. Mwezi Machi shirika lilitoa amri ya dharura kwa jiji. Mwendeshaji anayefanya zamu mbili mfululizo kwa kukosa wa kumpokea hana muda wa kukagua skrubu za paneli, na hapa ndipo upungufu wa watu unapogeuka kuwa upungufu wa mitambo.

Pigo la kwanza lilikuwa baridi. Curtis kilijengwa kwa hali ya hewa ya joto ya kusini, mabomba na machujio mengi yakiwa nje bila kuezekwa. Dhoruba ya Februari 2021 iliyagandisha, na mabomba makuu mjini yakapasuka sehemu nyingi. Maelfu ya wakazi walikaa wiki kadhaa bila maji, na amri ya kuchemsha maji ya kunywa iliondolewa katikati ya Machi. Walioumia zaidi walikuwa wa kusini mwa Jackson, kwa sababu iliyo rahisi kabisa: eneo lao ndilo la mwinuko na ndilo lililo mbali zaidi na Curtis. Msukumo ukipungua kituoni, wao ndio wa kwanza kukauka na wa mwisho kupata.

Wiki zipatazo sita baada ya amri hiyo kuondolewa ukaja moto wa paneli. Uzito wa tukio uko katika hesabu ya pampu. Kituo huwekewa pampu tano, si moja, ili ikiharibika moja nne ziendelee. Akiba hiyo ni ya kweli pale tu kila pampu, au angalau kila kundi la pampu, inapopata umeme kwa njia yake. Katika moto huu akiba haikusaidia; zote tano zilitoka kazini pamoja, na msukumo wa maji mjini ukashuka.

Miji mingine ilikuwa imekwisha kuonja ubaya wa kupoteza umeme wa mitambo yote kwa mara moja. Des Moines, Iowa, ilipoteza kituo chake tarehe 11 Julai 1993 mto Raccoon ulipopanda juu ya tuta na kuzamisha mota na paneli. Watu wapatao 250,000 walikaa karibu siku 12 bila maji ya bomba. Cleveland, Ohio, ilikauka tarehe 14 Agosti 2003 gridi ya kaskazini mashariki ilipoanguka, kwa kuwa vituo vyake vya kusukuma maji havikuwa na jenereta za kutosha. Des Moines iliinua tuta lake, Cleveland ikafunga jenereta. Miji yote miwili ilikuwa na uwezo wa kulipia marekebisho.

Kufufua umeme wa kituo kilichoungua si kazi ya kununua kabati jipya na kulipachika mahali pa lile la zamani. Kwanza kituo hakiwezi kufungwa. Jiji linakunywa kila siku. Kwa hiyo hutandazwa nyaya za muda, pampu hurudishwa moja moja, na kila uzimaji hupangwa kwa saa ambazo matangi yamejaa. Pili, vifaa vya zamani mara nyingi havitengenezwi tena, na vipya huagizwa kwa vipimo vya mteja. Tangu mwaka 2021 dunia nzima imekuwa na uhaba wa transfoma na paneli kubwa, na kungoja mwaka mmoja au zaidi kumekuwa jambo la kawaida. Tatu, mfumo mpya ukifuata mchoro wa zamani, udhaifu wa zamani unarudi nao. Wahandisi wazuri huligawa kabati katika sehemu mbili zenye ukuta kati yao, kila sehemu ikilishwa na transfoma yake, na swichi katikati inayoruhusu upande mmoja kuubeba mwingine. Moto wa upande mmoja basi huchukua pampu mbili au tatu, na jiji huendelea kupata maji, japo kwa msukumo mdogo. Kazi hii ni ghali, haionekani na mkazi yeyote, na kwa sababu hiyo huahirishwa kirahisi.

Mwezi Julai 2021 jiji na Shirika la Kulinda Mazingira walikubaliana kwa maandishi juu ya ratiba ya matengenezo. Mwaka mmoja baadaye Curtis kilikuwa bado kinachechemea. Mwishoni mwa Julai 2022 ilitolewa tena amri ya kuchemsha maji. Pampu kuu zilikuwa zimeharibika na kituo kikawa kinaendeshwa kwa pampu ndogo za akiba. Mwishoni mwa Agosti mvua kubwa ziliujaza Mto Pearl; maji yaliyoingia kituoni yakabadilika ghafla, usafishaji ukayumba, na pampu zilizobaki hazikuweza kulipatia jiji msukumo. Gavana Tate Reeves alitangaza kwamba Jackson haina maji ya uhakika hata ya kuzimia moto au kusafishia vyoo. Rais Joe Biden aliidhinisha hali ya dharura tarehe 30 Agosti. Wanajeshi wa jimbo waligawa maji ya chupa kwenye foleni ndefu za magari, shule zikarudi kufundisha kwa mtandao, na pampu ya kukodi yenye uwezo wa galoni milioni 4 kwa siku ikafungwa haraka kituoni. Msukumo ulirejea siku za mwanzo za Septemba, na amri ya kuchemsha maji ikaondolewa tarehe 15.

Baada ya hapo jiji liliondolewa mamlaka juu ya mitambo yake. Tarehe 29 Novemba 2022 mahakama ya shirikisho ilimteua Ted Henifin, mhandisi aliyewahi kuongoza mamlaka ya majitaka katika jimbo la Virginia, kusimamia maji ya Jackson chini ya Jaji Henry Wingate. Mwezi uliofuata Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 600 kwa kazi hiyo. Ni fedha nyingi, na zilikuja kwa kuchelewa sana. Sehemu ndogo tu ya hizo ingetosha kuweka mafundi na vipuri kituoni kwa miaka yote iliyotangulia.

Orodha ya kazi za kwanza iliyoambatanishwa na amri ya mahakama inasomeka kama taarifa ya daktari kuhusu mgonjwa aliyechelewa kutibiwa: kukinga Curtis dhidi ya baridi, kurekebisha mifumo ya dawa na klorini, kutengeneza mahali pa kuvutia maji, kufunga vifaa vya kuongoza mitambo kutoka mbali, na kuchunguza udhaifu wa umeme wa mfumo mzima kisha kuurekebisha. Mwaka 2023 uendeshaji wa vituo ulikabidhiwa kwa kampuni yenye waendeshaji na mafundi wake.

Jambo moja liligunduliwa nje kabisa ya vituo. Katika uwanja wa gofu uliokwisha kuachwa, bomba kuu lilikuwa limepasuka na kuchimba shimo kubwa, likimwaga galoni zipatazo milioni 5 kila siku tangu karibu mwaka 2016. Hayo ni maji yaliyovutwa bwawani, yakachujwa, yakatiwa dawa na kusukumwa kwa pampu zilezile zilizokuwa zikiharibika. Wasimamizi wapya walikadiria kwamba karibu nusu ya maji yote yaliyotoka vituoni yalikuwa yakipotea njiani. Pasuko hilo lilizibwa, na kiasi hicho cha galoni milioni 5 kinazidi kile ambacho pampu ya kukodi ya mwaka 2022 ililetwa kuongeza.