Moteri isiyojua kupumua yenyewe: turbo na mipigo miwili

Bandugu, ukisema "moteri ya mipigo miwili" hapa Lubumbashi, watu wengi wanawaza palepale mambo mawili: moshi ya buluu na makelele. Wanawaza Yamaha AG100 za zamani, wanawaza mashini ya kukata miti ya makala. Mwanafunzi wa politekniki anaisoma mbiombio, kisha anapita ku mipigo mine, juu njo ile iko ndani ya makamio yote yanayopanga mustari Kasumbalesa.

Lakini shaba yetu ikifika Dar es Salaam ao Durban, inatoka ku kamio na kupanda meli. Na meli kubwa za mizigo, karibu zote, zinaenda na moteri ya mipigo miwili. Yenye turbo. Kutoka wazo la turbo mpaka siku ilipoingia ku moteri ya namna ile melini ilipita karibu miaka 50. Kwa nini kukawia vile?

Tuanze ku pumuzi. Moteri ya mipigo mine inajua kupumua: pistoni inashuka na kuvuta hewa, inapanda na kuikamata, mazuti inawaka na kuisukuma chini, kisha inapanda tena na kufukuza moshi. Yenyewe iko pompi. Ku mipigo miwili, kazi mbili kati ya zile nne hazina mwenyewe. Pistoni ikifika chini, moshi inapaswa kutoka na hewa mupya kuingia saa ileile, ndani ya wakati mufupi sana. Pistoni haivute kitu. Hewa inapaswa kusukumwa kutoka inje, na presha yake ipite ile ya moshi, bila hivyo moteri inazimika. Ku moto kidogo, chumba cha chini ya pistoni kinafanya ile kazi. Ku moteri kubwa za mazuti waliweka kipulizo kinachozungushwa na moteri yenyewe. Kinapuliza muzuri, lakini kinakula nguvu ya moteri.

Mu 1905 injenieri wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata patenti ya wazo rahisi: moshi inayotoka bado iko na nguvu na moto, tunaitupa bure. Ipite ku turbine, turbine izungushe kompresere, kompresere isukume hewa ndani ya silinda. Hewa mingi, mazuti mingi, nguvu mingi. Mu miaka ya 1920, meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilikuwa tayari na turbo. Lakini moteri zao zilikuwa za mipigo mine.

Ku mipigo miwili, shida ilikuwa ile ya kuku na yai. Turbo inaishi na moshi. Moteri haiwezi kutoa moshi kama haijapewa hewa. Na hewa, nani ataileta kama turbo bado imelala? Tena kuna jambo watu hawasemi sana: sehemu ya hewa mupya inapita silinda moja kwa moja na kwenda kuchangana na moshi. Ile moshi inafika ku turbine ikiwa imepoa, nguvu imepunguka. Turbo za wakati ule hazikuwa na akili ya kutosha kwa chakula kidogo namna ile.

Ilifaa kungoja turbo bora. Mu mwezi wa 10 wa 1952, meli ya mafuta Dorthe Mærsk ya Denmark ilianza kazi. Moteri yake ya B&W ilikuwa na silinda 6, na turbo mbili za Brown Boveri ziliipandisha kutoka nguvu za farasi 5,530 mpaka 8,000. Moteri ileile! Pumuzi ya kwanza, leo, inaletwa na vipulizo vidogo vya umeme: vinasaidia moteri kuwaka na kwenda polepole, na moshi ikitosha, vinazimwa, turbo inabaki na kazi yote.

Wamarekani walitatua shida ileile kwa njia ingine, na kwangu njo ya akili kuliko zote. Kampuni EMD, ya General Motors, ilifanya lokomotive SD24 mu 1958. Turbo yake iliungwa na moteri kupitia magurudumu yenye meno. Moteri ikienda polepole, yenyewe njo inazungusha turbo, karibu mara 18 kuliko mwendo wake. Moshi ikipata nguvu, turbo inapita ule mwendo, kiungo kinajiachilia, turbo inaenda huru. Kama mutoto unayemushika kinga mpaka anapata mwendo. SD24 ilikuwa na nguvu za farasi 2,400. Ile iliyotangulia, yenye kipulizo tu, 1,750. Mwanzo wa miaka ya 1970, Afrika Kusini ilikuwa na lokomotive za EMD za namna ile. Huku kwetu, miaka ya 1950, reli ya Katanga ilikuwa imeshaanza kuweka umeme, juu maji ya Lufira na Lualaba tulikuwa nayo.

Detroit Diesel, ya General Motors pia, ilikuwa na njia yake: kipulizo kilibaki, turbo ikaongezwa mbele yake. Makanika anayeikuta kwa mara ya kwanza anaweza kuwaza: turbo iko, kipulizo iko ya nini? Akikitoa, ile moteri haitawaka tena.

Na moto yetu je? Mbona hakuna turbo ku AG100? Ku mazuti, hewa inayopita bure ni hewa tu. Ku moto ya karbirateri, kinachopita bure kimechanganyika na esansi. Turbo ingesukuma makuta yako inje. Walter Kaaden wa MZ, Ujerumani ya Mashariki, alipata dawa ingine: bomba ya moshi iliyovimba katikati, ambayo mawimbi ya moshi yanarudi nyuma na kurudisha ndani mchanganyiko uliotaka kukimbia. Turbo isiyo na chombo kinachozunguka, kama unataka kuiita hivyo. Mu 1961 mukimbiza-moto wake, Ernst Degner, alikimbilia Magharibi na ile siri, akaingia Suzuki. Mwaka uliofuata Suzuki ilishinda ubingwa wa dunia wa 50 cc.

Turbo yenyewe ilifika ku mashini ndogo mu 2019 tu, ku Ski-Doo za kutembea ku teluji, juu esansi sasa inapulizwa na kompyuta ndani ya silinda. Waliiweka kwa sababu ya milima, kule hewa iko nyepesi: farasi 165 zinabaki 165 mpaka karibu metre 2,400. Lubumbashi iko zaidi ya metre 1,200, na kila moto isiyo na turbo inayopita ku barabara Kasapa inalipa ule ushuru wa hewa kila siku.