Kaizari aliyepoteza sauti

Reli ya Tanga inayopita Same, kwetu Upare, ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Kaizari Wilhelm wa Pili. Huyo Upare unamkumbuka kwa ukoloni na vita. Baba yake, Friedrich wa Tatu, hatajwi kabisa: alikalia kiti siku 99 tu mwaka 1888, na muda wote huo hakuweza kusema. Maagizo aliyaandika kwenye vipande vya karatasi.

Sauti ilianza kumkwaruza Januari 1887. Profesa Gerhardt alimchungulia kooni kwa kioo kidogo, mbinu iliyoanzishwa mwaka 1854 na Manuel García, mwalimu wa kuimba, akaona kinyama kwenye uzi wa sauti wa kushoto. Akakiunguza kwa waya uliopashwa moto kwa umeme. Kikaota tena. Mwezi Mei madaktari wa Kijerumani walitaka kupasua, lakini bingwa kutoka London, Morell Mackenzie, akakata kipande na kukipeleka kwa mwanapatholojia Rudolf Virchow, ambaye hakuona saratani. Kisu kikawekwa kando. Novemba saratani ikawa haina ubishi. Februari 1888 akatobolewa koo apate pumzi. Juni 15 akafariki.

Mackenzie amelaumiwa sana, nadhani kupita kiasi. Daktari mpasuaji Theodor Billroth alikuwa ameondoa zoloto zima, yaani kisanduku cha sauti, kwa mara ya kwanza mwaka 1873 tu, na wengi waliopasuliwa hivyo walikufa.

Gerhardt naye hakukosea kufikiria kuunguza. Alichokosa ni moto wenye adabu. Moto huo ulikuja na leza: ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, akatengeneza ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwanga wake hauonekani kwa macho na hunywewa na maji, na kwa kuwa nyama ya mwili imejaa maji, hukata juujuu bila kuchoma ya chini. Kule Boston, Geza Jako na Stuart Strong waliuunganisha na hadubini, wakachapisha matokeo ya kooni mwaka 1972. Mgonjwa hulazwa usingizi, bomba la chuma hupitishwa mdomoni, shingo haipasuliwi. Hatari kubwa ni mpira wa oksijeni kushika moto, ndiyo maana hukingwa kwa pamba iliyoloweshwa maji.

Kwa leza, saratani changa ya uzi wa sauti hupona kwa takribani wagonjwa 9 kati ya 10, na mionzi nayo hufikia hapo. Sababu ni kwamba huchelewa kusambaa, tena hujitangaza mapema kwa kukwaruza. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, hasa ya mvuta sigara, inataka kile kioo cha García, au kamera iliyokirithi. Kutoka Same, njia ya rufaa inaelekea hospitali ya KCMC, Moshi, idara ya masikio, pua na koo.