Macho Yetu na Historia ya Usubi Kasese



Macho ni neema ya Allah (s.w.t.), na ni amana tutakayoulizwa. Sisi wa Kasese na Bwera tuna historia inayotufundisha kuitunza amana hii.

Mito inayoshuka kutoka Milima ya Rwenzori, ikiwemo Nyamugasani na Lhubiriha, ilikuwa na inzi wadogo weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi, yaani upofu wa mtoni. Inzi huyo humwachia mtu vijidudu vya minyoo. Minyoo ikikomaa huishi mwilini hata zaidi ya miaka 10, na vitoto vyake vikifika machoni huacha makovu. Mtu huwashwa ngozi, huku macho yakiharibika polepole. Akishapofuka, dawa haimrudishii nuru.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kutoa bure dawa ya Mectizan. Katika miaka ya 1990 dawa hiyo iligawiwa vijijini Uganda na wanakijiji wenyewe, wakipima kimo cha kila mtu kwa fimbo ili kujua idadi ya vidonge. Mwaka 2007 serikali iliazimia kuutokomeza ugonjwa kabisa, kwa kutoa dawa mara mbili kwa mwaka na kuwaangamiza inzi. Maeneo mengi ya Uganda sasa yamesalimika, Alhamdulillah.

Tuzingatie jambo moja: dawa hiyo walipewa hata waliokuwa wakiona vizuri. Laiti wangesubiri giza, wangechelewa.

Ndivyo ilivyo leo kwa presha ya macho. Mara nyingi haina maumivu. Huanza kula uoni wa pembeni, na mtu hajui mpaka mshipa wa jicho umeharibika. Nao hauponi. Ni daktari tu anayeigundua mapema, kwa kupima presha ya jicho na kuangalia ndani yake.

Basi aliyefika miaka 40, au mwenye mzazi au ndugu aliyepata maradhi haya, apimwe mara kwa mara. Mgonjwa wa kisukari apimwe kila mwaka. Na mtoto anayesogeza msahafu karibu na pua huko madrasa asigombezwe kwa uvivu, apelekwe kupimwa. Ulizieni huduma ya macho katika hospitali za Bwera na Kagando.

Allah atuhifadhie macho yetu. Amin.