Mfungwa ni Amana: Somo la Badr na Magereza ya Rwanda

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. 

Tunapofundisha Vita vya Badr, wanafunzi hutuuliza: kwa nini wale mateka walilishwa vizuri na hali walikuja kutuua? Hapa Kigali swali hili si la vitabuni tu. Katika darasa moja huketi mtoto wa nyumba iliyopoteza watu wake mwaka 1994, na pembeni yake mtoto ambaye babu yake alifungwa kwa mambo ya mwaka huo huo. Wote wawili wanasubiri jibu. Tumeona tulijibu kwa kuangalia historia ya dini yetu na historia ya nchi yetu kwa pamoja.

Walivyofanya waliotutangulia

Katika Vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria (624), Waislamu waliteka watu wapatao 70. Mtume (S.A.W.) aliwausia Maswahaba wawatendee wema. Mateka mmoja, Abu Aziz bin Umayr, ndugu yake Mus'ab bin Umayr, alisimulia baadaye kwamba Ansari waliomshika walikuwa wakimpa yeye mkate na wao wakila tende, na Madina ya wakati ule mkate ulikuwa adimu kuliko tende. Waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa walitakiwa kufundisha watoto kumi wa Madina, kisha wakaachiwa.

Huenda mtu akasema: huyo ni mateka wa vita, si muuaji. Basi tumtazame Ali bin Abi Talib (R.A.). Mwaka wa 40 Hijria (661) alipigwa upanga wenye sumu na Abdurrahman bin Muljam katika msikiti wa Kufa. Imepokewa kwamba akiwa kitandani, naye anajua kifo kimekaribia, aliagiza muuaji wake alishwe na anyweshwe. Akasema kwamba yeye akifa, mtu huyo alipwe pigo kwa pigo, wala asikatwekatwe viungo.

Hapa tunajifunza kwamba hukumu ipo, tena kali. Lakini njaa, kiu na mateso ya chumbani havimo katika hukumu. Na sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Kosa lake lilikuwa la mlinzi wa gereza. Ukishafunga mlango na kushika ufunguo, tumbo la aliye ndani limekuwa juu yako.

Magereza yaliyofurika

Sasa turudi nyumbani. Kati ya Aprili na Julai 1994, katika siku mia hivi, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalichukua roho za watu zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Mauaji yalipokoma, nchi haikuwa na kitu. Mahakimu na wanasheria wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, ofisi zimeporwa. Washukiwa walikuwa maelfu kwa maelfu. Wengi walikamatwa kwa kunyooshewa kidole tu, bila faili wala ushahidi ulioandikwa, kwa hiyo wenye hatia na wasio na hatia walirundikwa pamoja.

Gereza la Gitarama, lililojengwa kwa watu wasiofika 1,000, mwaka 1995 lilikuwa na karibu watu 7,000. Watu walisimama mchana na usiku uani, juu ya matope na uchafu, hata miguu ikaoza na wengine wakakatwa vidole au miguu. Madaktari wa Médecins Sans Frontières waliofanya kazi humo walihesabu mamia ya vifo katika miezi michache. Hapa Kigali, gereza la matofali mekundu tulilozoea kuliita 1930, kwa mwaka lililojengwa na Wabelgiji, lilijaa vivyo hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wafungwa nchini walikuwa zaidi ya 120,000. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilibeba sehemu kubwa ya chakula chao kwa miaka kadhaa, na wake na mama walitembea masafa marefu na vikapu vichwani kwenda kugemura.

Hasara ilimpata nani?

Mwenye uchungu anaweza kusema: waache wafe, wao waliwahurumia nani? Uchungu huo tunauheshimu. Lakini tuitazame hasara yenyewe.

Aliyekufa Gitarama kabla ya kuhukumiwa, kama hakuwa na hatia, alidhulumiwa na hapana wa kumrudishia. Na kama alikuwa na hatia, alikwenda na siri yake. Sheria ya mwaka 1996 iliweka nafuu kwa wanaokiri, lakini mahakama za kawaida zilikwenda polepole mno, hata ikakisiwa kwamba kesi zingechukua zaidi ya miaka mia. Ndipo zikaja Gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012 baada ya kesi zaidi ya milioni 1.9. Gacaca zilikuwa na kasoro zake, uongo na chuki vikiwamo. Hata hivyo, mbele ya majirani, wafungwa waliovaa sare ya waridi walisimama wakataja shimo, choo au shamba walikotupa miili. Kwa maneno yao familia nyingi zilipata mifupa ya watu wao na kuizika kwa heshima.

Hivyo sahani ya maharage aliyopewa mfungwa ilimhifadhi shahidi pia. Wapo mayatima ambao hadi leo hawajui baba alilala wapi, na pengine aliyejua alikufa katika matope yale.

Na yatima je?

Lipo lalamiko la haki. Wakuu walioshtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Arusha walikuwa na vyumba safi na matibabu, hata dawa za virusi vya ukimwi. Wakati huo huo, wajane walioambukizwa kwa kubakwa mwaka 1994 walikosa dawa hizo hizo. Hili linaumiza, na haki ya wajane hao ilikuwa kupata dawa. Kumnyima mfungwa dawa yake kusingemponya mjane hata mmoja.

Tusome Suratul-Insan, aya ya 8. Allah (S.W.) anawasifu waja wema kwa kuwalisha watatu: maskini, yatima na mfungwa. Amewataja pamoja katika aya moja. Hakutwambia tumchague mmoja tumwache mwingine.

Ndugu wazazi, gereza la 1930 lilifungwa mwaka 2018 na wafungwa wakahamishiwa Mageragere. Tulifanyeje sisi somo hili majumbani? Kwanza, asidhihakiwe mtoto kwa kifungo cha mzazi au babu yake, kwani hakuna anayebeba mzigo wa mwingine. Pili, nyumba ya manusura isisahauliwe, hasa mwezi wa Aprili. Tatu, watoto wetu wazoee kumtaka mkosaji afikishwe mbele ya hakimu, na kuchukia kuona mtu anapigwa njiani hata kama ni mwizi. Wengine kati yao kesho watakuwa askari, mahakimu na walinzi wa magereza, na ufunguo utakuwa mikononi mwao.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliouawa, awape subira waliobaki, na atujaalie kuwa waadilifu hata kwa tunaowachukia. Amin.

Wallahu a'lam.