Maziwa ya Erne: maji yasiyojua mpaka

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Ireland, nchi kavu na maji vimechanganyika kiasi kwamba wenyeji wana mzaha wao wa kale: nusu ya mwaka maziwa yamo ndani ya Fermanagh, na nusu nyingine Fermanagh imo ndani ya maziwa.

Fermanagh ni kaunti ya Ireland Kaskazini, hivyo imo katika himaya ya Uingereza. Majirani zake Cavan, Leitrim na Donegal wamo katika Jamhuri ya Ireland. Mpaka uliowekwa mwaka 1921, kisiwa kilipogawanywa, unapita katikati ya vilima, mito na maziwa ya eneo hili. Kwa miaka mingi mpaka huo ulilifanya kuwa mahali pa hofu. Leo ni mojawapo ya sehemu tulivu zaidi barani Ulaya kwa anayependa kupiga makasia, kuvua samaki au kupanda mlima.

Maziwa mawili, mto mmoja

Mto Erne huanzia Cavan, huingia Fermanagh na kutanuka mara mbili kuwa ziwa, kisha humwagika katika bahari ya Atlantiki karibu na mji wa Ballyshannon, Donegal. Mgeni anayeitazama ramani huchanganyikiwa kidogo, kwa kuwa Erne ya Juu iko kusini na Erne ya Chini iko kaskazini. Majina hayo hufuata mwendo wa maji, si dira.

Maziwa hayo hayafanani. Erne ya Juu ni msukosuko wa ghuba, matete na visiwa vidogo, ambamo si rahisi kujua ziwa linaishia wapi na nchi kavu inaanzia wapi. Sababu yake ni barafu nene iliyofunika nchi hii zama za kale: ilipoyeyuka iliacha vilima vidogo vya mviringo, na maji yakajaa katikati yake. Erne ya Chini ni pana na yenye kina kirefu, na upepo mkali unapovuma mawimbi yake hufanana na ya baharini.

Kati ya maziwa hayo umekaa mji wa Enniskillen, ambao kiini chake ni kisiwa. Ngome iliyoko ukingoni ilijengwa na ukoo wa Maguire, waliotawala Fermanagh kabla ya Waingereza kuitwaa mwanzoni mwa karne ya 17. Waandishi Oscar Wilde na Samuel Beckett walisoma katika shule ya Portora mjini humo.

Visiwa vya watawa na mawe

Kabla ya kuwapo kwa barabara, maji ndiyo yaliyokuwa njia kuu. Ndiyo maana visiwa vya Erne vina kumbukumbu nyingi za kale. Kisiwa cha Devenish, karibu na Enniskillen, kina magofu ya makao ya watawa yaliyoanzishwa na Mtakatifu Molaise katika karne ya 6. Mnara wake wa mviringo, uliojengwa katika karne ya 12, ungali umesimama mzima.

Kisiwa cha White kina sanamu za mawe zilizochongwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ambazo sasa zimepangwa katika ukuta wa kanisa lililobomoka. Katika kisiwa cha Boa, ndani ya makaburi ya zamani, limesimama jiwe lenye nyuso mbili zilizopeana kisogo. Wataalamu hawajakubaliana kama linatokana na imani zilizotangulia Ukristo.

Historia ya karibuni zaidi iko Castle Archdale, ambako leo kuna bustani ya umma, kambi ya misafara na gati la mashua. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Uingereza zinazotua majini ziliruka kutoka Erne kwenda kusaka nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki. Jamhuri, ambayo wakati huo haikuegemea upande wowote, iliruhusu kwa siri ndege hizo zipite katika anga ya Donegal ili kufupisha safari. Mnamo Mei 26, 1941, ndege iliyoondoka Erne ndiyo iliyoigundua meli ya kivita ya Ujerumani, Bismarck, ambayo ilizamishwa siku iliyofuata.

Miaka ya milipuko

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998, Ireland Kaskazini ilikumbwa na mapigano kati ya makundi yenye silaha na majeshi ya serikali. Jeshi la Uingereza lilifunga barabara nyingi ndogo za mpakani kwa kuzilipua au kuweka vizuizi vya zege. Mkulima aliyekuwa akivuka kwa dakika chache kwenda kumwona ndugu yake alilazimika kuzunguka kilomita nyingi.

Mnamo Novemba 8, 1987, bomu la kundi la IRA liliwaua watu 11 mjini Enniskillen walipokusanyika kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Mtu wa 12 alifariki mwaka 2000, baada ya miaka mingi ya kutokuwa na fahamu. Tukio hilo liliwashtua watu wa pande zote, na wengi wanalihesabu miongoni mwa mambo yaliyoisukuma nchi kuelekea mazungumzo.

Maji yatangulia

Jambo la ajabu ni kwamba maji yaliunganisha pande hizo mbili kabla ya wanasiasa. Mwaka 1950, serikali ambazo zilikuwa hazielewani katika mambo mengi zilipitisha sheria za kudhibiti kwa pamoja kina cha Erne. Fermanagh ilipunguziwa mafuriko na Jamhuri ikapata umeme kutokana na mabwawa ya Ballyshannon. Walioumia ni samaki: mabwawa yalizuia njia ya salmoni na mikunga, na madhara yake hayajakwisha.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 1994. Mfereji wa kuunganisha Erne na mto Shannon ulikuwa umechimbwa katikati ya karne ya 19, lakini reli iliunyang'anya wateja ukatelekezwa baada ya miaka michache tu. Ulikarabatiwa na kufunguliwa upya, ukiwa na urefu wa takriban kilomita 63 na vizimba 16 vyenye malango ya kupandishia na kushushia vyombo. Tangu hapo mashua yaweza kutoka Fermanagh hadi kusini mwa Ireland bila kuguswa na nchi kavu.

Juu ya mfereji huo, pale Aghalane, daraja lililolipuliwa mwaka 1972 lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1999. Lilipewa jina la George Mitchell, seneta wa Marekani aliyeongoza mazungumzo ya amani. Mkataba wa 1998 ulizaa pia shirika la pamoja la kusimamia njia za maji za kisiwa kizima, Waterways Ireland, lenye makao makuu Enniskillen.

Mlimani na chini ya ardhi

Mlima Cuilcagh una urefu wa mita 665 na kilele chake kiko mpakani. Tangu mwaka 2015 upande wa Fermanagh una njia ya mbao na ngazi nyingi, iliyojengwa ili miguu ya watu isiharibu udongo mweusi, laini na wenye maji, uliotokana na mimea iliyolundikana kwa maelfu ya miaka.

Chini ya mlima kuna mapango ya mawe ya chokaa ya Marble Arch, yaliyofunguliwa kwa wageni mwaka 1985. Mwaka 2008 hifadhi ya kijiolojia inayoyazunguka ilipanuliwa hadi Cavan, ikawa ya kwanza duniani ya aina hiyo kuvuka mpaka wa nchi. Leo inaitwa Cuilcagh Lakelands na inatambuliwa na UNESCO.

Upande wa Cavan kuna kidimbwi kinachohesabiwa kuwa chanzo cha Shannon, mto mrefu kuliko yote Ireland. Watafiti waliotia rangi katika maji ya mlimani waligundua kwamba sehemu ya maji hayo huzama Fermanagh, hupita chini ya mpaka, na kuibukia humo.

Kwa anayetaka kwenda

Mashua za kulala ndani hukodishwa bila leseni, baada ya maelekezo mafupi. Katika Erne alama za majini zina rangi mbili: upande mweupe ni salama, mwekundu ni hatari. Jaketi la kuokolea maisha ni lazima, na katika Erne ya Chini nahodha mgeni asiondoke bandarini bila kusikiliza taarifa ya upepo. Wavuvi wa ndoano wanahitaji leseni na kibali upande wa Fermanagh, wakati upande wa Jamhuri leseni hudaiwa hasa kwa salmoni. Vyombo na nyavu visafishwe na kukaushwa kabla ya kuhamishiwa ziwa jingine, kwani kome wadogo wenye mistari kama ya pundamilia, walioonekana Erne katika miaka ya 1990, wamebadilisha maisha ya ziwa hilo.

Fermanagh haina reli tangu mwaka 1957, hivyo safari ni ya basi au gari kutoka Belfast au Dublin. Mpakani hakuna kizuizi. Mtu hujua amevuka kwa kuona vibao vya barabarani vikibadilika kutoka maili kuwa kilomita, na bei kutoka pauni kuwa yuro.

Hapo ndipo msafiri kutoka Afrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu. Uhuru wa kuvuka ni haki ya raia wa Uingereza na wa Ireland. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani huhitaji viza ya kila upande, na kibali cha kuishi Uingereza pekee hakimruhusu kuingia katika Jamhuri. Polisi wa Jamhuri wamewahi kukagua hati ndani ya mabasi yanayovuka. Anayekodi mashua Belturbet, Cavan, ataingia himaya ya Uingereza kabla ya kufika Enniskillen, hata kama hataona afisa yeyote. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu aulize kwanza kama ataweza kurudi.

Kwa maji, samaki na wenyeji, mpaka wa Erne umebaki mstari wa ramani. Kwa mwenye pasipoti ya mbali bado upo, na ni vyema kuwa na hati zote mbili mkononi kabla ya kushika kasia.