Mtafuta Elimu na Watu Wake wa Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa kigeni hapa Uingereza hawaruhusiwi tena kuja na wake, waume wala watoto wao, isipokuwa hasa wale wa shahada za utafiti. Wamo miongoni mwetu waliofuturu leo ilhali wenzi wao wako Unguja au Mombasa. Basi na tutazame waliotutangulia katika safari ya elimu walilikabili vipi jambo hili.

Imam Bukhari amepokea kwamba Malik bin al-Huwayrith na vijana wenzake walimwendea Mtume (s.a.w.) Madina, wakakaa kwake siku ishirini. Alipohisi kuwa wamewatamani watu wao, aliwauliza ni nani waliowaacha nyumbani, kisha akawaamuru warejee, wakae nao na wawafundishe. Tuzingatie: mwalimu alikuwa Mtume mwenyewe, na bado hakuihesabu huba ya nyumbani kuwa upungufu wa hima. Na elimu waliyoipata aliifanya kuwa haki ya waliobaki nyuma.

Katika karne ya pili Hijria, Abdurrahman bin al-Qasim alitoka Misri kwenda Madina kusoma kwa Imam Malik. Qadhi Iyadh anasimulia kuwa alimwacha mkewe akiwa mjamzito, naye kabla ya kuondoka alimpa hiari: abaki katika ndoa au waachane. Mke akachagua kubaki. Miaka 17 ikapita, hata siku moja akaja kijana pamoja na mahujaji wa Misri, akiuliza yuko wapi Ibn al-Qasim. Alikuwa mwanawe. Kisa hiki husimuliwa kusifu subira ya mwanachuoni. Sisi twasema, subira ya mama aliyelea peke yake haikuwa ndogo kuliko hiyo. Majibu ya Ibn al-Qasim ndiyo yaliyojaza Mudawwana, nguzo ya madhehebu ya Maliki. Na mwanamke yule ana fungu lake humo. Wala tusisahau kwamba aliulizwa kwanza.

Wengine walisafiri na watoto wao. Saad al-Khayr al-Ansari, mtu wa Valencia katika Andalusia, alifika hadi China katika karne ya sita Hijria. Binti yake Fatima, akiwa bado mtoto mdogo mno, alimpeleka Isfahan kusikiliza hadithi kwa bibi mwanachuoni, Fatima al-Juzdaniyya, kisha kwa masheikh wa Baghdad. Mtoto yule alikua akawa mpokezi wa hadithi, akasomesha Damascus na Cairo, na Hafidh al-Mundhiri ni miongoni mwa waliopata ijaza yake. Alifariki Cairo mwaka 600 Hijria.

Basi aliyejaaliwa kuja na mkewe asimfanye kuwa mpishi wa mtu mwenye mitihani. Naye ana haki ya darasa, ya lugha, na ya kutoka nje ya chumba kile kimoja. Watoto nao waletwe msikitini, hata wakisinzia. Na asiyeweza kuja naye, amuulize kabla ya kukata tiketi, wakubaliane muda na matumizi. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar, baada ya kumuuliza binti yake Hafsa, aliwawekea askari mpaka wa kuwa mbali na wake zao: miezi minne, na katika mapokezi mengine sita. Akipiga simu nyumbani, asiulize habari tu, bali awafundishe alichojifunza juma lile.

Na sisi wenyeji, mwanafunzi aliye peke yake asifuturu peke yake.

Ewe Mola wetu, wakutanishe waliotengana, uwabariki waliobaki na waliosafiri, na uijaalie elimu yetu iwe nuru majumbani mwetu. Amin.