Chasisi: neno tulilolisoma kabla ya kulisikia

Hivi karibuni, kando ya barabara ya Kisarawe kwenda Maneromango, nilimkuta fundi amelala chini ya lori chakavu, akikwangua kutu kwa tupa. Alikuwa akitafuta namba ya chasisi. Mwenye lori alisimama ameshika kadi ya gari.

“Ya mwisho ni tatu au nane, kijana wangu?”

“Nane, mzee.”

“Kadi inasema tatu.”

Alikuwa ameshapata mnunuzi. Kwa tarakimu hiyo moja, uhamisho wa umiliki ulikuwa umekwama.

Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya sanduku. Kabla ya kuwako magari lilitaja fremu ya dirisha, kisha kiunzi kinachobeba mzinga wa vita. Leo katika Kiingereza limeenea hata kwenye redio na kompyuta. Mwingereza hulitamka “shasi”, bila kutamka herufi ya mwisho, na huliandika vilevile liwe moja au mengi.

Sisi je? Tunasema chasisi, kila herufi ikisikika. Linganisha na gereji: nalo lina asili ya Kifaransa, lakini tunalitamka karibu kama Mwingereza alivyolitamka, kwa kuwa tulilipokea kwa sikio. Ndivyo ilivyo kwa breki, klachi na gia, maneno yaliyopita mdomoni mwa mafundi na matingo. Dhana yangu ni kwamba chasisi ilipita njia nyingine: ilisomwa kwenye kadi na fomu za serikali. Kwetu ilianza kuwa namba, ndipo ikawa chuma. (Wanafunzi wangu wa isimu watanisahihisha, nao wana ruhusa.)

Hapohapo mkoani Pwani, kwa jirani zetu wa Kibaha, chuma chenyewe kina historia. Kituo cha mabasi cha Tamco kimebeba jina la kiwanda kilichokuwa kikiunganisha malori ya Scania. Mikono ilikuwa yetu. Usanifu na vipuri vilitoka Sweden. Kibaha hiyohiyo ndiko liliko Shirika la Nyumbu, lililoundwa mwaka 1985 chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, likiwa na lengo kubwa zaidi: kubuni gari letu wenyewe. Magari ya majaribio yaliundwa. Uzalishaji wa wingi haukufuata, na barabarani tuliendelea kukagua namba zilizogongwa ng’ambo.

Sidharau kazi ya kuunganisha. Ninachokataa ni mazoea ya maofisa wetu kuliita gari lililounganishwa nchini “gari letu” bila kuuliza chasisi imetoka wapi.

Yule mzee nilimwacha akiipangusa kadi kwa kanzu. Fundi alikuwa ameomba tochi, aikague tena ile nane.